Shemeji Mbuke na Kompyuta Iliyogoma Kuwaka

Kompyuta iligoma kuwaka, shemeji yangu akaitwa mchawi.

Najua umecheka. Hata mimi ningecheka, kama yasingetokea sebuleni kwetu, hapa hapa Tunduma, mwaka 2013, enzi zile bado tunahesabika Mkoa wa Mbeya.

Naitwa Rabson. Nikuambie mapema, mimi sina subira. Kitu kikinisumbua silali, sili, na ukinisemesha nakujibu vibaya. Kwa hiyo piga picha mtu wa namna hiyo anabonyeza kitufe na mashine inamkaushia.

Ile kompyuta niliiunda mwenyewe. Kesi, lile kasha la bati, na monita nilivuka kuvifuata Nakonde, upande wa Zambia. Mazabodi, ule ubao mkuu unaobeba vifaa vyote, na prosesa nilivipata Mbeya mjini. Ramu alinipa mshikaji wangu Venance, fundi mwenye duka la kompyuta pale Vwawa. Mzee wangu, mzee Jonasi, aliuza kahawa yake ya Mbebe, kwetu Ileje, akanipiga tafu. Nyumba nzima ilikuwa inaisubiri kama mgeni kutoka Ulaya.

Ijumaa mchana nikafunga kila kitu. Familia imekaa, macho kwangu.

Hapo ndipo akapita shemeji Mbuke na ndoo ya maji.

Mbuke ni mke wa kaka yangu Brayson. Msukuma, binti wa mzee Ndalahwa, mfugaji wa kule Momba bondeni. Brayson alikwenda kununua mpunga, akarudi na mpunga na mchumba. Mimi na shemeji tulikuwa tunataniana hatari. Siku ikipita bila kunitania, nilijua anaumwa.

Akatua ndoo, akaitazama ile kesi.

"Shemeji, hilo bati nalo litawaka? Au unatujengea banda la kuku?"

Tukacheka wote. Asiyecheka alikuwa mmoja tu, shangazi Tabita, dada yake baba, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Mbebe.

Nikabonyeza kitufe.

Feni ikajitikisa kidogo, ikazima. Nikabonyeza tena. Ikajitikisa, ikazima.

"Huo mdomo," shangazi akasema taratibu. "Huo mdomo umeshaisema."

Nikajua hapa pana kasheshe.

Jumamosi asubuhi shangazi alishapanga kesi yote kichwani. Kuku waliokufa mwezi uliopita, Mbuke aliwasifia. Pikipiki ya Brayson iliyoibiwa, Mbuke alisema ina kelele. Sasa kompyuta. Na kwetu shangazi akisema jambo kuhusu mke wa mtu, wanaume wanainamisha vichwa wanasikiliza.

"Kesho baada ya ibada tunakaa kikao," akatangaza. "Kama hiyo mashine imekufa kwa mdomo wake, arudi kwao bondeni. Mimi siwezi kuona watoto wa kaka yangu wanamalizwa."

Nilimtazama Brayson. Nilitegemea atapiga meza, afoke, hata atoke nje kwa hasira. Kaka yangu akawa anachezea funguo.

Baba alisema tu, "Tuombe Mungu." Baba ni mzee wa kanisa. Kila jambo kwake linaanza na sala na kuishia na sala.

Basi mzigo wote ukaniangukia mimi. Nikipata ubovu wa mashine kabla ya kikao, Mbuke anabaki. Nisipopata, anafungashiwa virago.

Siku hiyo nilihangaika mpaka nikajichukia. Nikatazama swichi ya nyuma ya pawa saplai, iko sawa. Nikabadilisha waya wa umeme. Nikachomoa ramu, nikaisugua meno kwa kifutio cha penseli, nikairudisha. Wapi! Nikahamishia tundu la pili. Feni inajitikisa, inazima. Nikakwenda Vwawa mbio kuazima pawa saplai ya Venance, nikarudi, nikafunga. Yale yale. Nikaipiga kesi teke, nikaumia kidole, nikaitukana kwa Kindali na Kiswahili.

Mchana umeme ukakatika. Nikawa natembea uani, naenda narudi, nang'ata kucha. Mbuke alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Hakuwa anatania tena.

"Shemeji," akaniita. "Ni mimi?"

"Acha ujinga. Ni umeme tu, kuna mahali unapotea."

"Basi utafute vizuri," akasema, akaendelea kuchambua. "Maana mwenzio hapa hata kula nimeshindwa."

Iliniuma, jamani. Sitadanganya.

Jumapili wote wakaenda kanisani. Mimi nikabaki na bisibisi. Mbuke naye akabaki, alikuwa na chakula cha wageni wa kikao. Nikampigia simu Venance, nikamlilia shida yangu.

"Umeshaijaribu nje ya kesi?" akaniuliza.

"Nje kivipi?"

"Toa mazabodi yote, iweke juu ya boksi kavu. Funga pawa, ramu, monita. Halafu gusisha zile pini mbili za kuwashia kwa ncha ya bisibisi. Ikiwaka, ujue ugonjwa uko kwenye kesi."

Nikafungua skrubu zote. Kesi nikaisukumia kule kwenye kona, sikuitazama hata. Mazabodi nikailaza juu ya boksi la sabuni. Nikagusisha pini.

Bip!

Feni ikazunguka kwa raha zake. Monita ikaandika maneno meupe. Nilipiga ukelele, Mbuke akatoka jikoni mbio na mwiko mkononi, akadhani nimepigwa shoti.

"Imewaka! Shemeji, imewaka!"

Akaitazama. Akakaa chini pale pale sakafuni, akaanza kulia. Mimi nacheka, yeye analia, na wali wa wageni unaungua jikoni.

Sasa sikiliza nilivyo mtu wa papara. Badala ya kuiacha pale pale juu ya boksi watu waikute inawaka, nikataka iwe imekamilika, imependeza, niwafunge midomo. Nikairudisha ndani ya kesi haraka haraka. Nikakaza skrubu ya mwisho watu wanaingia.

Wakakaa. Baba akafungua kikao kwa sala. Shangazi akajikohoza.

"Kabla hujasema, shangazi," nikamkatiza, "mashine imepona. Haikuwa mdomo wa mtu. Tazama."

Wakati huo huo Mbuke akaingia na sinia la chai. Nikabonyeza kitufe.

Feni ikajitikisa, ikazima.

"Mmeona?" shangazi akasimama. "Ameingia yeye, imekufa! Mnataka nini tena?"

Nikaivamia ile kesi, nikafungua skrubu mbele yao wote, nikang'oa mazabodi, safari hii nikamulika ndani kwa tochi ya simu. Kwenye bati la chini, pale mazabodi inapokaa, palikuwa na kipande cha tepu nyeusi. Nilikuwa nimekiona tangu Ijumaa nikadhani ni cha kiwandani.

Nikakibandua.

Ndani yake mlikuwa na kitambaa cheusi kilichoviringwa na uzi. Na kwenye kitambaa ilichomoza sindano ya kushonea, imesimama, ncha yake imetoboa tepu na ilikuwa inagusa kabisa mgongo wa mazabodi. Chuma kwenye chuma. Umeme ukiingia, unapita pale, mashine inajizima isiungue. Ugonjwa wenyewe ulikuwa huo.

Lakini nani angenisikiliza habari za umeme? Shangazi alishaweka mikono kichwani.

"Uchawi! Uchawi huo hapo! Nilisema mimi!"

Macho yote yakaenda kwa Mbuke. Bado alikuwa ameshika sinia.

Brayson akainuka. Nikasema moyoni, haya, sasa kaka anamtetea mkewe.

"Mbuke," akasema. "Sema kweli. Hiki ni cha kwako?"

Nilitamani ardhi ipasuke.

Mbuke alimtazama mumewe, akamtazama sana. Halafu akafanya lile alilokuja kufanya. Akapiga magoti mbele ya baba mkwe, kama walivyomlea kwao, akamnyooshea kikombe cha chai kwa mikono miwili.

"Karibu chai, baba."

Baba hakupokea. Kikombe kikakaa hewani, chai inamwagikia sahani.

"Usinipe chai, mwanangu," akasema. "Sistahili. Hicho kitu ni changu."

Shangazi akarudi kukaa.

"Nilikwenda kwa mtu mmoja kule Itaka," baba akaendelea, bila kumtazama yeyote. "Niliona majirani wanavyochungulia hiyo mashine. Kahawa yangu yote imo humo. Nikaogopa. Akanipa kinga, akasema niiweke mahali Rabson asipoiona, kijana wa siku hizi ataitupa. Nikaibandika kabla hajafunga. Nitasema nini kanisani? Ndiyo maana nilinyamaza. Mnisamehe."

Yaani kinga ya kuilinda kompyuta ndiyo iliyoiua. Na mwenye kinga ndiye aliyekuwa anatufungulia kikao kwa sala.

Mbuke akaweka kikombe chini, akainuka, akafuta mikono kwenye kitenge.

"Baba nimemsamehe," akasema. "Aliogopa, na amesema kweli mbele ya watu wote. Si jambo dogo."

Kisha akamgeukia Brayson.

"Wewe uliniuliza kama ni cha kwangu. Miaka yote tunalala kitanda kimoja, ukasubiri bati la shemeji ndilo linitetee. Kama baba asingesema kweli leo, ungenipeleka stendi mwenyewe."

"Mke wangu, nilikuwa nauliza tu..."

"Nami nimekujibu tu."

Akaingia chumbani. Tukasikia kabati linafunguliwa.

Mimi sikujua niangalie wapi. Mikono yangu ikajifanyia kazi yenyewe, ikarudisha mazabodi, ikakaza skrubu, ikabonyeza kitufe.

Bip! Ikawaka. Feni, monita, kila kitu. Hakuna aliyegeuka kuitazama. Wote tulikuwa tunamwangalia Mbuke anavyotoka na begi lake mlangoni, hajafunga hata kamba za viatu.

Brayson alimfuata bondeni wiki iliyofuata, akarudi peke yake. Akaenda tena, akarudi peke yake. Mzee Ndalahwa alimpokea vizuri, akamchinjia, lakini akamwambia, "Mimi binti yangu sikumfukuza kwenu, kwa hiyo siwezi kumrudisha. Ongea naye mwenyewe."

Mbuke alimpa jibu moja. "Kwenu sirudi. Ukinitaka, kaa hapa."

Unajua kaka yangu yuko wapi mpaka leo hii? Yuko Momba, anachunga ng'ombe wa baba mkwe. Mtoto wa milimani, anayekimbia hata ndama! Nilipokwenda kuwatembelea nilimkuta katapakaa tope mpaka masikioni, na Mbuke yuko mlangoni anamcheka. Aliponiona akaniuliza kama banda langu la kuku bado linawaka. Nilifurahi, nikamwambia linawaka, limebaki kutaga tu.

Shangazi hajawahi kuomba msamaha. Baba alijitoa uzee wa kanisa kwa hiari yake, na siku hizi sala zake ni fupi.

Nawaachia hili, ndugu zangu. Mtu wako akisingiziwa, simama naye saa hiyo hiyo, wakati hujui lolote na huna cha kuonyesha. Ushahidi ukishapatikana kila mtu atakuwa upande wake, na yeye atakuwa ameshajua nani alisubiri.