Mtoto Alikuwa kwa Baba Yake

Murray Treloar alianza kunyoa kondoo kabla hajaota ndevu, na mgongo wake ukabaki vile vile alivyouinamisha kazini. Ukimwona anakuja barabarani ungedhani anatafuta kitu alichoangusha. Alikuwa mkwe wangu. Yeye na binti yangu Janelle waliachana, lakini mimi hakuniacha. Aliendelea kuniita mama, na kila majira ya baridi aliendelea kunipasulia kuni bila kuombwa, akazipanga mlangoni na kujiondokea kabla sijamtilia chai.

Walipoachana hawakugombana. Walikaa mezani jikoni kwangu, wakakubaliana kwa mdomo tu: Janelle atakwenda Newcastle, pwani, kusomea uuguzi, na Tegan, binti yao, atabaki hapa kwetu Burrangool kwa baba yake mpaka mama yake atakapopata nyumba. Nyumba aliipata. Kisha akapata kazi, zamu za usiku, na kila nilipomuuliza kuhusu mtoto aliniambia, "Bado kidogo, mama." Hiyo bado kidogo ilimkuta Tegan ana meno ya mbele yamechomoka, ikamwacha anavaa viatu vyangu.

Murray hakulalamika. Aliacha kwenda mabanda ya kunyolea kondoo ya kaskazini, ambako mnyoaji hodari hurudi na pesa ya kununua gari, akashika mabanda ya karibu tu ili jioni awe nyumbani. Alijifunza kupika zaidi ya soseji. Alijifunza kusuka nywele, ingawa mara ya kwanza nilimkuta amembana mtoto kichwa katikati ya magoti kama anataka kumnyoa.

"Mwachie apumue," nikamwambia.

"Akipumua ananitoroka, mama."

Na zaidi ya yote, alikata machungwa. Kwetu Jumamosi watoto hucheza netiboli, na wakati wa mapumziko huletewa machungwa yaliyokatwa robo robo. Akina mama huyaleta kwa zamu. Zamu ya Tegan ilipofika, Murray alikuja na ndoo yake na kisu chake, akasimama kwenye mstari wa akina mama, kichwa chini, hasemi na mtu. Mwanzoni walimcheka. Baadaye walimzoea, wakawa wanamuuliza wapi kapata machungwa matamu vile.

Sasa, Janelle alipohama aliipigia simu ofisi ya matunzo ya watoto, ile ya serikali inayomkata mzazi asiyekaa na mtoto ili kumpa anayekaa naye, kuwapa anwani yake mpya. Hilo tu. Lakini huko ofisini aliyeandika alimhamisha mama akamhamisha na mtoto. Kwenye kumbukumbu zao Tegan akawa anaishi Newcastle, na Murray akawa baba asiyetoa hata senti. Barua walizompelekea zilikwenda kwenye banda alilokuwa akifanyia kazi zamani, lililokwisha fungwa, zikasomwa na panya. Miaka ilipita hivyo. Siku walipoamka walimpigia hesabu ya kurudi nyuma mpaka siku ile ya simu, ikawa dola elfu kumi na moja na ushei, wakamwamuru mkandarasi wake, Neville Hoskin, aanze kumkata kwenye malipo.

Neville ndiye aliyekuja kunieleza. Alisimama mlangoni kwangu kofia mkononi, mtu ambaye huingia bila hodi.

"Nilimpa karatasi ya makato wakati wa chai," akasema. "Nilidhani anajua. Vijana wakamwuliza kwa utani, Murray, kwani una wake wangapi? Akaisoma. Akaikunja. Akarudi kwenye mashine yake akanyoa mpaka jioni, na nakwambia, Merle, yule mtu hajawahi kumkata kondoo ngozi, lakini siku ile aliwakata."

"Na vijana?"

"Walinyamaza. Ingekuwa afadhali wangecheka."

Nchi yetu ya kondoo humsamehe mtu mengi. Mlevi tunambeba hadi kwake. Mwizi wa dizeli tunamtania. Lakini mwanamume asiyelisha mtoto wake, huyo hapewi nafasi kwenye kaunta ya baa. Habari ilifika kwa mwuza nyama kabla yangu. Alinifungia nyama yangu bila kunitazama, akasema, "Pole kwa ya mkweo." Nikamwambia mkwe wangu hana la kupewa pole. Nilitoka nimeinua kichwa, na uso unaniwaka, maana kama deni lile lilikuwa la Murray, basi mdai alikuwa mwanangu wa kumzaa. Marehemu mume wangu alifanya kazi reli maisha yake yote na hatukuwahi kudaiwa mkate. Sikujua kwamba kudai nako kuna aibu yake.

Sheria ilimruhusu Murray kuweka pingamizi. Alikuja kutumia simu yangu, akakaa pale pale walipokubaliana na mkewe. Afisa alikuwa na sauti ya kupasua, nilimsikia nikiwa kwenye sinki.

"Bwana Treloar, mtoto analala wapi?"

"Mwulize mama yake."

"Ninakuuliza wewe. Mtoto yuko kwako?"

"Naelewa unachoniuliza. Mwulize mama yake."

Afisa akaandika kwamba baba amekataa kusema mtoto yuko wapi. Simu moja walimpigia Janelle, mchana, wakati mtu wa zamu ya usiku amelala. Hakupokea, nao hawakurudia. Pingamizi likatupwa.

Nilimjia juu Murray. "Umefungwa mdomo na nani? Watoto wa shule nzima wanajua Tegan analala kwako."

"Nikisema analala kwangu, nimesema halali kwa mama yake."

"Si ndiyo kweli?"

"Ndiyo kweli, mama. Lakini mimi si mtu wa kumchongea mama wa mtoto wangu kwa serikali."

Hilo ndilo neno la mabandani. Mtoto wa mnyoaji hufundishwa kabla ya kusoma: usimchongee mwenzio, hata kama kosa lake unalilipa wewe. Kwa afisa wa mjini, kunyamaza ni kukiri. Kwa Murray ilikuwa adabu. Wakati huo alikuwa amekwisha weka tangazo la kuuza pikapu yake, na bila pikapu mnyoaji hafiki kazini. Nikaona atalipa deni la uongo mpaka abaki na mashine yake tu mkononi, na mji mzima ukimwona alistahili.

Nikampigia Janelle jioni, kabla hajaenda zamu. Nilimweleza yote.

"Pesa zile niliziona," akasema. "Zimeingia mara mbili. Nilidhani Murray ameamua kunisaidia."

"Akusaidie wewe, na mtoto anaye yeye?"

"Nimezinunulia matairi, mama."

"Matairi siyo shida. Mwambie afisa mtoto yuko wapi."

"Wewe hujui. Kazini wanajua nina binti. Ameninunulia kikombe kwa siku ya mama, kipo mezani. Wakiniuliza wikendi yuko wapi, nasema kaenda kwa baba yake."

"Kila wikendi?"

"Kila wikendi."

"Na siku za kati?"

"Hawaniulizi siku za kati." Akaanza kulia, polepole, kama mtu anayeogopa kusikika chumba cha pili. "Mwanamume akiacha watoto wanasema ni kazi. Mimi watasemaje?"

Nilitaka kumwambia mengi, lakini nilikuwa nimekwisha kuyasikia yote kwenye foleni ya mkate, na mengine niliyasema mwenyewe moyoni. Nikamwambia tu siku itakaposikilizwa rufaa ya Murray, na mahali.

Rufaa ilisikilizwa mjini Wagga, ghorofani, kwenye chumba chenye zulia la kijivu. Murray alivaa shati la harusi yake, kola imembana. Mwenyekiti alikuwa mama mwenye mafua, mpole. Akamuuliza lile lile, mtoto analala wapi, na Murray akajibu lile lile, huku anatazama zulia. Mwenyekiti akaweka kalamu chini.

"Bwana Treloar, mimi nataka kukusaidia, na wewe hunipi mahali pa kushika."

Hapo mlango ukafunguliwa. Janelle alikuwa ameendesha usiku kucha kwa matairi yale yale, bado amevaa sare ya uuguzi. Hakukaa. Hakumtazama Murray wala mimi.

"Yuko kwa baba yake," akasema. "Tangu niondoke. Hajawahi kulala kwangu zaidi ya likizo."

"Ilikuwa mpango wa muda?" mwenyekiti akamuuliza. Nadhani alikuwa anampa mlango wa kutokea.

"Nilisema wa muda. Nilimwacha mwanangu. Andika hivyo. Pesa zake nimezila mara mbili, nikanunua matairi, na sikuuliza zimetoka wapi."

Murray aliinamisha kichwa zaidi, kana kwamba aliyevuliwa nguo mbele za watu ni yeye. Nami nilitazama mikono yangu. Kijana aliyetumwa na ofisi ya matunzo alipekua karatasi, akasema inaelekea kuna hitilafu ilitokea wakati wa kubadilisha anwani. Neno samahani sikulisikia. Deni likafutwa siku hiyo hiyo, na makato yakasimamishwa. Mwenyekiti alipotaja pesa ambazo Janelle alikwisha pokea, Murray aliongea kwa mara ya kwanza bila kuulizwa.

"Matairi sitayahitaji. Hayaingii kwenye pikapu yangu."

Ile ilikuwa Ijumaa. Nilimwambia Janelle alale kwangu, kesho yake aje uwanjani. Hakutaka. Alisema hana uso. Nikamwambia aje na uso huo huo.

Baridi ilikuwa kali, nyasi nyeupe kwa umande ulioganda. Ilikuwa zamu ya Tegan ya machungwa. Murray alikuja na ndoo, akaiweka mezani, kisha akamgeuzia Janelle mpini wa kisu na kwenda kusimama nyuma ya goli. Akina mama wote walikuwa pale, na habari ya Wagga ilikuwa imefika. Hakuna aliyesogea kumpisha, hakuna aliyemsalimu. Janelle alianza kukata. Akakata vipande vikubwa vibaya.

Mke wa mwuza nyama alitazama kidogo, kisha akasema, "Hao ni watoto, Janelle, siyo farasi."

"Murray hukataje?"

"Robo robo. Nipe hilo la pili nikuoneshe."

Filimbi ikalia, wasichana wakaja mbio. Tegan alifika mezani, akaona kisu kiko mkononi mwa nani, akasimama. Akatazama goli, alipo baba yake, lakini baba yake alikuwa ameinama kama kawaida yake, anatazama nyasi. Mtoto akachukua kipande, akasema asante, kama anavyomwambia mama yeyote mwenye zamu, akarudi uwanjani anakula.

Janelle aliendelea kukata hata baada ya machungwa kutosha.