Tone la Kisigino cha Walter

Celestine huuza omena Kondele, na kabla hajafungua gunia huinamisha kichwa akaomba. Tumekuwa naye kikundi kimoja cha maombi tangu tukiwa wake wapya. Naandika habari zake kwa sababu mwenyewe hapendi tena kuzungumza.

Mumewe, Absalom, alikuwa fundi wa baiskeli, mtu wa mzaha. Matubwitubwi yalimshika akiwa kijana, yakamwacha bila uzazi. Miaka ilipopita bila mtoto, mama mkwe, Beldina, hakupiga kelele. Aliwaita wote wawili nyumbani karibu na Katito, akafunga mlango, akasema yale ambayo wazee wetu husema mlango ukiwa umefungwa. Mwanamume wa mbali akatafutwa, akashukuriwa, akaenda zake. Walter alipozaliwa akawa wa Absalom, basi. Kwetu mtoto ni wa boma alimozaliwa. Mimi Celestine aliniambia siku tulipokuwa tumefunga na kuomba, nikaitunza siri. Kama ilikuwa dhambi, nilimwachia Mungu. Yeye anajua yote, na hasemi yote.

Siku Walter alipozaliwa, Beldina alifika wodini na beseni.

"Nipeni kondo la nyuma la mjukuu wangu."

"Nyanya, hapa tunachoma," muuguzi akacheka.

"Mchome ya kwenu! Mimi niache kitu cha mjukuu wangu kwa watu nisiojua nyumba zao?"

Akapewa, akaenda kulizika kando ya mlango wa Absalom. Lakini kabla hajatoka, muuguzi alikuwa amemdunga mtoto kisiginoni, akakamulia damu kwenye kikaratasi kigumu. "Ni ya kuangalia magonjwa, mama. Serikali inataka." Celestine akasema asante. Hakuna aliyeuliza damu hiyo ingelala wapi ikishaangaliwa. Hata Beldina, na ukali wake wote, hakuuliza.

Absalom alikufa mwaka juzi. Walter alipoanza kusimamisha nguzo za simba yake, ile nyumba ndogo ambayo kijana wa Kijaluo hujenga nyumbani kwao, baba yake mdogo, Odongo, akaenda kortini. Alisema kijana si wa ndugu yake, kwa hiyo shamba si lake. Akataka wapimwe damu, yeye na Walter.

"Mwanangu hatadungwa," Celestine alisema mbele ya hakimu.

"Shemeji, kama ni wa ndugu yangu, unaogopa sindano ya nini?"

"Ndugu yako alimbeba mgongoni hadi kliniki. Wewe ulikuwa wapi?"

"Mgongo haubebi damu, shemeji."

Wakili wa Odongo akasimama taratibu, akasema hawamhitaji kijana. Damu yake ipo. Imewekwa kwenye ghala la baridi la serikali tangu alipozaliwa. Korti ikiagiza, itatolewa.

Celestine alinishika mkono. "Dada, si walisema ni ya magonjwa?"

Ikatolewa. Majibu yakasomwa mbele ya watu, Walter akiwa ameketi kati yetu na sare yake ya shule: hakuna undugu wowote kati yake na Odongo. Nilimtazama Beldina. Yeye peke yake angeaminiwa akisimama akasema, mimi ndiye niliyepanga, na mwanangu alikubali. Lakini siku hizi anakula kwa Odongo. Alitazama leso yake.

Hakimu akasema Walter bado ana haki, maana Absalom alimlea kama wake. Kumbe tumeshinda kesi! Nilisema haleluya, lakini pale nje Odongo alikuwa akicheka.

"Chukua shamba, kijana. Na babako ukimpata, msalimie."

Asubuhi yake Walter alikwenda Katito, mimi na mamake tukimfuata nyuma kama watu wa matanga. Aling'oa nguzo zake moja moja, akazilaza kando ya mlango wa Absalom. Beldina akatoka na fimbo yake.

"Walter, baba, acha! Kwenu ni hapa. Kondo lako nililizika hapo unapokanyaga, kwa mikono hii yangu."

Kijana akajipangusa mikono.

"Ungesema jana, nyanya."

Shamba ni lake sasa. Hajarudi.