Rula Niliyokwenda Nayo Kumwokoa Mama Aline

Siku ile siisahau, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku pekee niliyompiga mtu mzima kwa rula. Wewe mjukuu wangu unafunga begi, umeshavaa sare, unakwenda kulinda amani kwenye nchi ambayo hata jina lake natamka vibaya. Bunduki wamekufundisha. Mimi shule sikukaa sana, lakini hili moja nalijua, na nimekuandikia kwa mkono wangu. Vumilia hati yangu.

Ilikuwa mwaka wa tisini, vita imeanza kule kaskazini. Tulikaa hapa mjini, Remera, upande wa uwanja wa mpira. Nilikuwa sijafika miaka thelathini, mshonaji, mwenye mdomo, na mama yako Hawa bado mtoto. Chumba changu kilikuwa cha nyuma, giza mchana kutwa, nachoma vidole kwa sindano. Jirani yangu Mama Aline yeye alikuwa mbele, na baraza pana inayotazama barabara. Nilimwomba mume wake niweke cherehani pale. Baba Aline akakataa, akasema baraza ni ya watoto kucheza. Nilinuna mwezi mzima.

Basi mchana mmoja nikasikia induru. Unajua kwetu induru ni nini: mtu akipiga yowe hilo, kila aliyesikia anatoka mbio, na asiyetoka ataulizwa alikuwa wapi. Nikatoka na rula yangu ya mbao, ile ya mita. Nikamkuta Baba Aline anavuta godoro nje. Alitaka kuhamisha watoto kwa mama yake, kule shamba Gahanga, anasema vita itafika mjini. Mama Aline hataki, ameshika godoro upande wa pili.

Sikuuliza kitu. Nilimpiga ya sikio.

"Toka hapa, mnyanyasaji wewe!"

Yule baba akanitazama, akaachia godoro, akaondoka. Majirani wakanisifu. Kesho yake asubuhi cherehani yangu ilikuwa kwenye baraza. Aliyeuliza nilimjibu kwamba namlinda Mama Aline, mumewe asije akarudi kwa ubaya.

Siku hizohizo walikuwa wamefika askari wa kigeni. Walisema wamekuja kulinda raia wao. Wengi wa raia wao wakapanda ndege wakaenda, askari wengine bado wako kwetu, wamesimama barabarani. Wateja wangu walibishana habari zao kutwa, na mimi nikikanyaga cherehani nasema kwa sauti, "Hao iko kitu wanataka!" Nasema hivyo nimekaa kwenye baraza ya watu.

Wiki ya pili akaja shangazi yangu kwa miguu kutoka Rebero. Mwanamke mfupi, hacheki ovyo. Hata maji hakuomba.

"Hii mashine imefika hapa lini?"

"Namlinda Mama Aline, shangazi."

"Unamlinda kwa sindano?" Akakaa kwenye ngazi. "Hii baraza uliitaka kabla ya ugomvi wao, au baada?"

Nikainama kukata uzi. Mama Aline alikuwa mlangoni na mtoto mgongoni. Akasema polepole, "Mama Hawa, nilipiga induru mje mtuamue. Sikuwaita mnifanye mjane."

Shangazi akasema, "Nyumbani kwa baba yetu, anayeitikia induru anaacha fimbo mlangoni. Anasikiliza mume, anasikiliza mke. Wakishatulia anarudi kwake mikono mitupu. Weye umepiga, hukusikiliza, na umebaki na baraza. Beba mashine yako."

Niliibeba kichwani, mchana kweupe, mtaa mzima unacheka. Kisha tukaenda Gahanga, mimi na yeye. Baba Aline alikuwa anapalilia maharage ya mama yake. Kabla ya salamu alitazama mikono yangu, kama nimekuja na rula. Nikamwomba msamaha hapohapo shambani. Siku ya tatu akarudi kwa mke wake, na safari hii tulikaa tukawasikiliza wote wawili. Watoto wakabaki mjini, na yeye akanunua kufuli kubwa la mlango. Yalihitajika hayo tu.

Mwaka wa tisini na nne, ule wa mauaji, sitausimulia hapa, unaujua. Nitasema hili tu. Malori ya wageni yalipita barabara hii yakichukua watu wao. Tulipiga induru. Walitusikia, niliona mmoja amegeuza shingo. Wakapita. Aliyefungua mlango wake ni Baba Aline, ambaye hakuna aliyemtuma. Alinificha mimi na mama yako nyuma ya magunia ya maharage mpaka hatari ikapita, na siku zote hizo habari za rula hakuzitaja.

Alizitaja baadaye, amani imerudi. Alisimama kwenye chumba changu cha giza akasema, "Mama Hawa, lete mashine yako barazani, kuna mwanga. Rula iache huku." Tulicheka mpaka Mama Aline akashika ukuta. Pale barazani ndipo nilipokushonea sare yako ya kwanza ya shule, na ndipo ninapoandika sasa, jua liko mgongoni, sina ninachodai.

Sasa sikiliza. Mimi sikuwa mwongo kabisa siku ile. Mama Aline nilimhurumia kweli. Huruma ilikuwepo na tamaa ya baraza ilikuwepo, zimekaa kiti kimoja, na mimi nikawaonyesha watu huruma peke yake. Ukifika huko, uliza nani amewaita. Sikiliza na yule mnayeambiwa ni mbaya. Ukiona kitu chao kimekupendeza, shamba, au jiwe la ardhini, jiambie ukweli mapema, na wakubwa wako ukiweza uwaambie. Lakini usije ukafanya maneno yangu kisingizio cha kukaa ndani. Wale waliopita na malori nao wana kosa lao, na mimi kosa hilo naliona kubwa kuliko la rula.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie kwenye kila mlango utakaogonga, akupe sikio kabla ya mkono. Akurudishe hapa barazani mzima, na mikono mitupu.