Nyumba Yetu Nyuma ya Pikapu

Enzi zetu mtoto akiulizwa shuleni anaishi wapi, alitaja mtaa. Mimi na mdogo wangu Wambui tulitaja rangi ya pikapu ya Baba. Tuliishi ndani ya trela, ndefu kama darasa, ikivutwa na pikapu nyekundu kutoka Houston hadi Dallas, Dallas hadi Fort Worth, kisha Houston tena. Mama alikuwa nesi wa mikataba mifupi. Kila baada ya wiki kumi na tatu hospitali ilikuwa nyingine, shule nyingine, na sisi tulikuwa wageni upya.

Ninyi mliolelewa Texas na wazazi kutoka Kenya mtanielewa. Sukuma wiki ikikaangwa mle ndani, harufu iliingia mpaka kwenye mashati ya shule. Chai ya maziwa ikifurika jikoni, sakafu nzima ilinata. Maji ya tangi yalikuwa haba, kwa hivyo tulioga kwa beseni, tena Marekani! Jioni tulicheza kati, ule mchezo wa kumlenga kwa mpira aliye katikati, kwenye changarawe na watoto wa Kimeksiko, mpira tumeuunda kwa soksi za Baba. Mvua ikipiga bati la paa, televisheni haikusikika, na hakuna aliyelalamika. Siku hizi mwanangu mtandao ukikwama dakika mbili analia kama aliyefiwa.

Siku ya kuhama Mama alikuwa na amri moja: "Kila kilichosimama, kilale!" Vikombe tulivifunga kwa leso, sufuria ya ugali tuliilaza kitandani na kuifunika shuka kama mgonjwa. Baba aliizunguka trela mara mbili, akigonga magurudumu na kuvuta minyororo.

Nilikuwa na miaka kumi tulipoegesha karibu na Gulfton, mtaa wa Houston. Shule ya pale ilijaa watoto wa kila nchi, na humo nikampata Furaha. Wazazi wake walikuwa Wakongo, walikaa kambi ya wakimbizi miaka mingi kabla ya kuletwa Houston. Kiswahili chake kilinichekesha, changu kilimchekesha zaidi. Tulikaa kwenye ngazi za ghorofa yao tukila ndizi za kukaanga, mafuta yakitiririka hadi kwenye viwiko, tukiwasema walimu. Sijawahi kuwa na rafiki muda wa kutosha hata tukagombana na kupatana, ila yeye. Nilipomwambia mkataba wa Mama umeisha, aliacha kutafuna.

"Ukienda, mi nitabakia na nani?"

Asubuhi ya kuondoka, Baba akinywa chai, nilitoka nje. Kulikuwa na pini ya chuma, ndogo kama kidole, iliyozuia trela isichomoke kwenye pikapu. Niliivuta nikaitia kwenye soksi yangu. Nilijua Baba angezunguka kama kawaida, angeikosa, angeitafuta, na pengine tungebaki siku nzima. Pengine wiki.

Mara mvua ikamwagika. Mama alitakiwa kazini Dallas alasiri ile ile, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu Baba hakuzunguka. Aliruka ndani, akawasha gari, tukatoka.

Pini ilinichoma kifundo cha mguu. Kila tulipopita shimo nilisikia kishindo nyuma yetu, na Wambui alicheka. Pembeni yetu lilikuja basi la shule, watoto wamebandika nyuso kwenye vioo. Tulipokaribia kupanda barabara kuu, sauti ikanitoka yenyewe.

"Baba, simama!"

"Nini tena? Choo?"

"Simama, Baba! Trela itatoka!"

Aliegesha kando. Nikampa ile pini. Aliitazama, akashuka kwenye mvua bila koti. Aliporudi alikuwa chapachapa.

"Kiungo cha trela kilikuwa kimeanza kufunguka," alimwambia Mama. Kisha akanigeukia. "Shiko, ungetuua. Ungeua na watu wengine."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kofi. Hakunigusa wala hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniliza. Mama akahamia kiti cha nyuma, akaniuliza kwa nini.

"Sitaki tena kuanza upya," nikasema. "Kila mahali mimi ndiye sijui choo kiko wapi."

Mama akanifuta machozi kwa leso. "Hata mimi nimechoka, mama," alisema. "Hunioni nikilia kwa sababu hulia nikiwa kazini."

Nilishangaa. Nilikuwa nikidhani watu wazima wanapenda kuhama.

Safari haikuahirishwa. Tulifika Dallas, Mama akachelewa kazini. Lakini mkataba ule ulipoisha, Mama aliomba kazi ya kudumu. Trela ikauzwa, tukapata nyumba Cedar Hill. Nilipopata namba ya kina Furaha na kupiga, mtu mwingine akapokea, akaniambia wamehamia kaskazini, kwenye viwanda vya nyama. Hadi leo sijui aliko.

Sasa nami nina nyumba yangu, hapa hapa Cedar Hill, na mtu angedhani nimetulia. Wapi! Kila miezi mitatu miguu huniwasha. Nahamisha vitanda, nageuza makabati, naosha gari ambalo haliendi popote. Mume wangu akirudi kutoka kazini hujigonga kwenye kochi, akauliza, "Leo tumehamia jimbo gani?"

Binti yangu ana miaka kumi. Rafiki yake anaishi nyumba ya tatu kutoka yetu, na wako pamoja tangu chekechea. Ninapowatazama kupitia dirisha nafurahi, na naona wivu pia, wivu wa mtu mzima unaotia haya. Jana walikuwa barazani kwa rafiki yake wanacheza. Giza lilipoanza kuingia, binti yangu aliinuka katikati ya maneno, akakung'uta sketi, akaja zake bila hata kusema kwaheri. Yule mwenzake hakuinua kichwa.

Nilitaka kumwita arudi amuage vizuri. Kisha nikakumbuka kwamba kesho wataonana tena, nikamwacha.