Mto Usiokuwepo Buruburu

Juzi nilimkuta binti yangu akiandika insha. Alikuwa ameanza na jogoo aliyewika alfajiri, ilhali tunaishi ghorofani na hatufugi hata kifaranga. Nikacheka, kisha nikakumbuka alasiri moja ya utotoni, jikoni kwetu mtaani Buruburu.

Mama alikuwa akikaanga vitunguu, sufuria ikilia, nami nikimsomea insha yangu, “Nyumbani Kwetu”. Humo mlikuwa na mto wa maji maangavu, ng'ombe na vilima vya kijani. Niliamini insha zina nchi yao, na kwamba mtaa kama wetu hauruhusiwi kuingia huko.

“Huo mto uko wapi?” mama aliuliza.

“Mwalimu anapenda mito.”

“Na mimi niko wapi?”

Nilichana ukurasa, nikaketi pale pale sakafuni, nikaanza upya: vitunguu, honi za Jogoo Road, nguo za jirani zikitudondoshea maji mlangoni, mama na mwiko wake.

Mwalimu aliandika kwa wino mwekundu, “Mandhari hayavutii,” akaninyima alama.

Wiki iliyofuata alitupatia insha nyingine ya kuandika. Nilimweka mama humo tena.