Amplifier ya kwaya ilikufa kwa kutunzwa, mimi nikaitwa mlanguzi

Wakuu, salaam. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo marahaba kabla hamjaamkia.

Ninayoandika hapa yamenipata mimi mwenyewe, chumvi sijaongeza hata punje. Anayebisha aende Babati akawaulize wazee walioimba kwaya enzi za foleni ya sabuni.

Kilichonisukuma ni kijana mmoja humu aliyejisifu kanunua amplifier ya zamani ambayo "haijawashwa miaka mingi, kwa hiyo ni nzima kabisa". Mdogo wangu, usiichomeke bado. Soma kwanza.

Miaka ya sabini mwishoni na themanini mwanzoni nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale Babati. Tulikuwa bado mkoa wa Arusha, Manyara hakuna aliyeiota. Jioni nilikuwa na kwaya ya kanisani kwetu, upande wa Bagara. Kuimba sijui, ila mitambo ilikuwa mikononi mwangu.

Mitambo yenyewe: amplifier moja ya zile za valvu, taa za kioo zinazowaka ndani, spika mbili kubwa na maikrofoni. Wamisionari walituachia walipoondoka. Harusi ikiwa na spika zetu, watu walitoka mpaka Nangara kuja kusikiliza tu, hata kama hawajaalikwa.

Halafu shida ikaja. Wa umri wangu mnaijua. Sukari kwa mgao, nguo kwa mgao, betri za redio tunazianika juani zipate uhai kidogo. Dizeli ya jenereta ndiyo usiseme.

Mwenyekiti wa kamati ya kanisa, Mzee Tluway, akaamua amplifier ifungiwe stoo. Hoja yake ilikuwa kwamba spea hakuna, kwa hiyo kila tukiiwasha tunaimaliza. Ipumzike mpaka mambo yatengemae.

Hapa niseme kitu. Sisi watu tuliokulia kwenye shida tuna ugonjwa wa kutunza. Sahani nzuri ni za wageni, na wageni wenyewe hawaji. Shuka jipya linakaa sandukuni mpaka panya ndiye analizindua. Redio inavalishwa kitambaa cha kudarizi, ikiwashwa ni Krismasi. Tunadhani kitu kisichotumika hakizeeki.

Nilimwambia mzee, kwa adabu zote, kwamba mashine ile inataka kuwashwa hata mara moja moja. Mjomba wangu alikuwa fundi redio Arusha mjini, nilikaa kwake nikisoma, na wimbo huo aliwaimbia wateja kila siku. Mzee akanijibu kuwa ng'ombe aliyelala zizini hachoki. Kamati ikacheka. Stoo ikafungwa, ufunguo nikapewa mimi.

Ndiyo, ufunguo nilikuwa nao mimi. Kumbukeni hapo.

Miaka ikapita. Siku moja tukaambiwa askofu anakuja kutoa Kipaimara. Dizeli ikatafutwa kwa magoti mpaka ikapatikana. Nikaomba niiwashe mapema, polepole, kwa kupitisha umeme kwenye balbu kwanza ili usiingie kwa kishindo. Nikakatazwa. Dizeli ni ya Jumapili tu.

Basi Jumapili nikawasha.

Kwanza ukaja mngurumo kama mzinga wa nyuki. Halafu paa! Moshi, na harufu ya kuungua ambayo mpaka leo naijua. Askofu akahubiri kwa koo lake, maskini, na waliokaa nyuma hawakuambulia kitu.

Baada ya ibada kamati ikaniambia nifungue mbele yao kwenye ukumbi wa kanisa. Ndani kikopo kimoja cha alumini kimevimba na kupasuka, kimetapika utomvu wa kahawia uliogandana. Hiyo ndiyo kapasita. Mjumbe mmoja akachungulia, akasema kitu cha mzungu hakiozi namna ile. Kwamba nimetoa kile original nikakiuza, nikapachika kibovu. Nani mwingine alikuwa na ufunguo? Akaniita mlanguzi.

Vijana, nyie mnaitana wezi mnacheka. Miaka ile neno mlanguzi, yaani muuza magendo, halikuwa utani. Watu walikuwa wanakamatwa. Wengine walitupa mali zao porini kwa hofu tu ya kukutwa nazo. Mwalimu akipachikwa jina hilo, kazi hana, na kulala ndani kunamsubiri.

Mzee Tluway akaniletea njia ya mkato. Nikiri, niombe msamaha mbele ya wazee, yaishie kanisani. Nikikataa, kesho yake wanaenda polisi. Mke wangu, Mama Anna, alinivuta pembeni analia. Akanisihi nikubali tu, maneno hayavunji mfupa, na watoto wetu bado wadogo.

Nilikataa. Wakuu, niliogopa sana, lakini nilikataa. Nikikiri wizi ambao sikuufanya, wale watoto wangeitwa watoto wa mwizi mpaka wanazeeka.

Nikawaeleza kama ninavyowaeleza nyie. Ndani ya kile kikopo kuna utepe wa alumini umeviringishwa pamoja na karatasi iliyolowa majimaji ya dawa. Kinachozuia umeme kupita ovyo ni utando mwembamba sana juu ya ile alumini, na utando huo hujengwa na umeme wenyewe. Ukiunyima umeme miaka, unadhoofika. Majimaji nayo yanakauka taratibu, hasa kwenye stoo ya bati kama yetu. Siku ukiwasha kwa kishindo, umeme unapenya, ndani kunachemka, kikopo kinapasuka.

Hakuna aliyeelewa, au hakuna aliyetaka kuelewa.

Ndipo nikamgeukia Mzee Tluway. Kwake kulikuwa na radiogramu, lile kabati la redio na santuri kwa pamoja, sifa ya mtaa mzima, na ilikuwa haijawashwa miaka chini ya kitambaa chake. Nikamwambia:

"Mzee, jenereta bado ina dizeli. Redio yako iletwe hapa, uiwashe kwa mkono wako, mimi nikae mbali. Ikiimba, nipelekeni polisi, na njiani nitatangulia mbele yenu."

Akasema yake ni nzima, anaitunza, haiwezi kuchezewa. Watu wakaanza kutazamana.

Aliyesimama ni mkewe, Mama Elizabeti. Hakupandisha sauti. "Kama ni nzima, tunaogopa nini? Iletwe."

Vijana wa kwaya wakaenda kuibeba. Mzee akaondoa kitambaa mwenyewe, akakikunja vizuri, akachomeka waya. Mimi nilisimama mlangoni, mikono nyuma. Mngurumo ule ule ukaanza. Ukapanda. Halafu moshi ukatoka nyuma ya kabati na harufu ile ile ikajaa ukumbi.

Wapole humu mtanisamehe. Mali ya mtu inaungua na mimi nilifurahi. Nilifurahi sana.

Polisi hatukwenda. Lakini msamaha nao hakuna aliyeuomba. Watu walitawanyika, na jina likabaki linatembea mjini. Ukipita dukani unasikia mtu ananong'ona, "Ndiye yule wa spea."

Amplifier niliipeleka Arusha kwa mjomba. Akatafuta kapasita kwenye maiti za redio zilizojaa chumbani kwake, akapata zenye uhai, akaziamsha polepole kwa ile ile njia ya balbu. Ikarudi inapiga.

Muda si mrefu Elizabeti, binti wa mzee, akachumbiwa. Mzee Tluway akaja nyumbani, kofia mkononi, anataka mitambo kwa ajili ya harusi. Akaanza na yaliyopita si ndwele, mwalimu.

Nikamjibu kwamba harusi itapata mitambo na sitaki hata shukrani, ila sauti ya kwanza kutoka kwenye spika zile itakuwa yake, na yeye anajua atasema nini. Bila hivyo siwashi. Mama Anna akanikanyaga mguu chini ya meza. Sikujali.

Siku ya harusi uwanja ulijaa. Jenereta inaunguruma, waya zote tayari, kwaya imejipanga. Nikakaa tu, mkono juu ya swichi, namtazama. Watu wakaanza kuguna. Mzee akaja, akashika maikrofoni, nikawasha.

"Mwalimu huyu hakuiba kitu," akasema. "Tulimsingizia. Aliyeanza ni mimi."

Ilisikika mpaka barabarani. Mama Anna alikuwa kwa akina mama, akajifunika uso kwa kanga.

Kwaya ikaanza kuimba.

Funzo langu, wakuu: kapasita huzeeka hata ikiwa imelala, na ikinyimwa umeme huzeeka vibaya zaidi. Amplifier ya zamani amsheni polepole, na ikishaamka iacheni ifanye kazi. Na mtu akikubambikia kosa mbele za watu, usikubali akutake radhi uvunguni.

Wenye mitambo ya babu zenu semeni mmeikutaje. Na wale wa "ungemsamehe tu mzee wa watu kimyakimya" karibuni pia, nipo hapa na bado sijakubali.