Ufizi wa Mumbua, Kutoka Tawa Hadi Kyuso

Mdogo wangu Mumbua ana mimba ya miezi mitano. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kabla ya wakati akaponea chupuchupu. Kwa hivyo aliponiambia kwa simu kwamba ufizi umefura, unatoka damu, na ameacha kupiga mswaki, nilifunga duka langu la vitambaa hapa Tawa. Mimi si mtu wa kungojea habari ya pili.

Asubuhi hiyo nilipitia Kitui mjini, nikabadilisha gari Mwingi. Kuelekea kaskazini ndengu zilikuwa zimeshavunwa na mbuzi walikuwa wakimalizia masalia. Mwanamke niliyeketi naye aliniuliza naenda matanga ya nani kwa uso ule. Nikamwambia naenda kufungua mdomo wa mtu.

Adhuhuri nilifika Kyuso. Mama mkwe wa Mumbua alitupakulia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, Mumbua akatafuna kwa upande mmoja. Kumbe mama huyo ndiye aliyekataza mswaki.

“Hiyo damu ni ya mtoto,” aliniambia. “Akiendelea kujichokora mdomo, mimba itatoka.”

“Hapana, mwaitu,” nikamjibu kwa heshima ya mama, “ni ya ufizi. Kesho tunaenda kwa daktari wa meno.”

“Mwenye mimba adungwe sindano? Basi naenda na nyinyi. Nitakaa hapo hapo nione.”

Nilifurahi, maana anayekaa hapo husikia.

Kesho yake, kwenye kliniki, daktari alitueleza kwamba homoni za mimba hufanya ufizi uvimbe upesi uchafu ukibaki kwenye meno. Ugonjwa huo ukiachwa, unahusishwa na watoto kuzaliwa mapema au wakiwa wadogo. Hakutuahidi kitu. Alisema tu kwamba kusafishwa ni salama, na kuacha mswaki ndiko kulikozidisha damu. Mumbua alinishika mkono akasafishwa, na hofu yangu sikuionyesha.

“Na meno yangu yaliyong’oka?” mama mkwe akauliza. “Si yalienda na watoto?”

“Mtoto hachukui jino la mama yake, susu,” daktari akamjibu, akimwita nyanya. “Ufizi ulikuwa mgonjwa ukayaachilia.”

Baada ya juma moja nilirudi Tawa, damu ikiwa imepungua sana. Nilichojifunza ni kwamba anayekataza kwa kupenda habishaniwi, hupelekwa akasikie mwenyewe.

Wakati wa kuagana, mama mkwe alifungua mdomo akanionyesha mapengo. “Hili nililiita la Mutua. Hili la Mwende. Hili la Kioko. Nimewadai bure hao watoto.”

Akaweka kiganja juu ya tumbo la Mumbua. “Huyu hatadaiwa.”